Mkutano wa tiba kwa vitendo uje Pemba, na uwe wa vitendo

Barua ya wazi kwa kamati ya maandalizi ya mkutano mkuu wa taifa wa wataalamu wa tiba kwa vitendo, na kwa wakuu wa sekta ya afya Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Tunakuandikieni kwa maombi mawili ambayo kwetu ni ombi moja. La kwanza, mkutano ujao wa taifa ufanyike Chake Chake. La pili, zaidi ya nusu ya saa zake zitumike mezani, mikono ikiwa kazini. Mkitupa la kwanza bila la pili, mtakuwa mmewasafirisha watu masafa marefu kuja kutazama picha ukutani, na picha hizo wangeweza kutumiwa kwa simu.

Tuanze na fani yenyewe, kwa sababu hata kwenye makaratasi ya bajeti mara nyingi tunatiwa kapu moja na wenzetu wa fiziotherapia. Wao wanaurudishia mwili nguvu na mwendo. Sisi tunauliza mwili huo utafanya nini kuanzia alfajiri mpaka usiku. Mama aliyepatwa na kiharusi, hata akiweza kuinua mkono mpaka begani, kwa hesabu yetu kazi bado: atafunga vipi kanga, atakuna vipi nazi, atatia vipi udhu, atainuka vipi akishasujudu? Kazi hii haina jibu moja la dunia nzima. Jibu liko katika vyombo vya jikoni kwake, urefu wa kizingiti cha mlango wake na aina ya choo alichonacho.

Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, lililoundwa 1952, linataka kila mwanafunzi wa fani hii apate saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kazini kabla hajahitimu. Saa elfu moja za kushika, kupima, kukosea na kurudia mbele ya mkufunzi. Itakuwaje basi mtu huyo huyo, akishaajiriwa, kujiendeleza kwake kote kuwe kwa kukaa kitini na kusikiliza? Splinti, yaani kifaa cha kuushikilia mkono katika mkao unaotakiwa, haifundishiki kwa picha. Lazima uisikie plastiki inavyolegea vidoleni, uijue sekunde ambayo imekuwa tayari na sekunde ambayo imeshapitiliza.

Kwa nini Pemba. Kwa mtu wa visiwani, karibu kila kitu cha fani hii kiko upande wa pili wa maji: mafunzo yetu yamezoeleka Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na mafunzo ya viungo bandia nayo yako Moshi. Anayefanya kazi Wete au Micheweni akitaka kuona mwenzake anatengeneza kitu kwa mikono, inambidi avuke bahari mara mbili kisha apande basi. Hilo tu lingetosha kuwa hoja, lakini iko kubwa zaidi. Pemba ina shughuli ambazo fani yetu bado haijaziandikia vya kutosha kwa Kiswahili. Mchumaji wa karafuu hupanda juu ya mti na kuvuta tawi kwa upembo. Akianguka, anaweza kuvunjika uti wa mgongo na asisimame tena. Mkulima wa mwani, na wengi wao ni wanawake, huinama saa nyingi majini wakati wa bamvua akifunga na kufungua kamba, mgongo umekunjwa na vidole vimelowa chumvi. Mwani umelimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, kwa hiyo wapo wanawake waliokwisha kuinama hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mtaalamu anayetoka Dodoma au Mwanza akikaa siku moja ufukweni na akina mama hao, ataondoka na kitu ambacho hakimo kitabuni, na wao wataondoka na ushauri wa urefu wa vigingi na namna ya kubeba gunia bichi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa wote wawili watapona.

Sasa wakati. Tunapendekeza wiki ya mwisho ya Septemba au ya kwanza ya Oktoba, na tunaomba msilichukulie hili kuwa jambo dogo. Kuanzia Machi mpaka Mei ni masika. Barabara za ndani zinaharibika na, kama tutakavyoeleza, kuna kazi mezani ambazo hazikauki. Juni mpaka Agosti kusi linavuma na safari ya boti kati ya Unguja na Pemba ni ya kutapika. Mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo hawezi kujishikilia kitini saa zote zile. Januari na Februari ni kukavu, lakini kwa miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo au jirani yake: 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari. Mwisho wa Septemba kusi limechoka, kaskazi halijashika, na mvua za vuli hazijafika.

Tunajua mtavutiwa na tarehe 27 Oktoba, Siku ya Tiba kwa Vitendo Duniani. Tunakuombeni msiweke mkutano siku hiyo. Kwanza vuli inaweza kuwa imeshaanza. Pili, siku hiyo kila mtaalamu anatakiwa awe kituoni kwake, na wananchi wamuone. Tatu, na hili ndilo la maana zaidi, ni takriban mwezi mmoja baada ya mkutano tunaoupendekeza, kwa hiyo ndiyo siku nzuri ya kutoa taarifa ya hali ya vifaa vitakavyotengenezwa mkutanoni. Kifaa kinachopendeza siku ya kukabidhiwa si habari. Habari ni kama bado kinatumika siku ya 30.

Anayekuja kwa boti atashukia Mkoani, na Chake Chake iko katikati ya kisiwa, kama kilomita 30 kutoka Mkoani na kama hizo hizo kwenda Wete, na uwanja wa ndege uko karibu na mji. Safari za boti za Pemba si nyingi kama zile za Dar es Salaam na Unguja, kwa hiyo ratiba ya mkutano ipangwe baada ya kuona ratiba ya boti, si kabla yake. Anayeshuka boti asubuhi asitiwe kwenye warsha siku hiyo hiyo. Siku ya Ijumaa, ikiwa imo, vipindi vimalizike saa tano na nusu asubuhi na virudi saa nane na nusu mchana.

Ukumbi. Hapa ndipo mikutano ya fani kama yetu inapojiaibisha, na sababu ni moja kila mara: mtu alipiga simu akauliza "mna njia ya viti mwendo?" akajibiwa "ipo", basi. Asiulize. Aende na futi ya kupimia. Mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo zinataka njia ya mita 5.4. Kinachofanyika mara nyingi ni kuegeshwa ubao wa mita moja na nusu asubuhi ya ufunguzi. Huo ni mteremko wa karibu 1 kwa 3. Kiti kinapinduka kinyumenyume, na vijana wanne wanaitwa kumbeba mtu mzima mbele ya hadhara kama gunia. Mlango uwe wazi sentimita 80 kwa uchache, zipimwe kati ya ubao wa mlango uliofunguliwa na fremu, si fremu kwa fremu. Bawaba na unene wa ubao hula sentimita nne au tano. Chooni kiti kiweze kuzunguka, maana yake duara la sentimita 150 lisilo na ndoo, pipa wala kabati. Meza za warsha ziwe na nafasi ya magoti ya sentimita 70 kutoka sakafuni. Meza nyingi za kukodi zina ubao wa mbele unaozuia magoti, na ubao huo hufunguka kwa bisibisi ikiwa mtu amekumbuka mapema.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili kwa kila kipindi, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja peke yake huchoka, na akichoka huanza kufupisha bila kusema. Wapewe maandishi ya wazungumzaji siku tatu kabla.

Sasa tuje kwenye kiini. Hesabu yetu ni ya washiriki 80, siku 3, saa 7 kwa siku, jumla saa 21. Makundi manne ya watu 20. Warsha nne za saa 3 kila moja. Kila kundi linapita warsha zote nne ndani ya siku mbili. Hizo ni saa 12 za mikono. Wakijiandikisha zaidi ya 80, msiongeze viti kwenye meza, ongezeni wakufunzi au funga orodha. Meza ya watu kumi ina wafanyaji watatu na watazamaji saba.

Warsha ya kwanza ni splinti ya mkono. Watu 20 wakae wawili wawili, kila jozi splinti moja. Bamba la themoplastiki, plastiki inayolegea kwenye maji ya moto, la unene wa milimita 3.2, lenye ukubwa wa sentimita 45 kwa 60, linatoa splinti mbili za kupumzishia mkono wa mtu mzima, na mabaki yanafaa kwa kidole gumba. Jozi 10 ni mabamba 5, na moja la akiba. Mara nne ni mabamba 24. Maji yawe na joto la nyuzi 65 hadi 75. Msitegemee umeme peke yake: kila kituo kiwe na jiko la gesi, sufuria pana la pilau la kina cha sentimita 10, kitambaa cha neti chini ili bamba lisigande kwenye chuma, na kipima joto cha kupikia. Bamba la unene huo linalegea kwa kama dakika moja, kisha unabaki na dakika tatu mpaka tano za kulisawazisha mkononi. Maji yakichemka, bamba linavutika kama ubani uliotafunwa, linakuwa jembamba kwenye kiganja na nene pembeni, na huko kwembamba ndiko litakakovunjika. Kabla ya kuligusisha kwenye ngozi, likaushwe kwa taulo na lijaribiwe ndani ya kifundo cha mkono wa mtengenezaji mwenyewe.

Tunasisitiza mkao, kwa sababu hapa makosa hayaonekani mpaka wiki zimepita. Kwa mkono ulioungua mgongoni mwake, kifundo kiinuliwe nyuma nyuzi 20 hadi 30, vifundo vya mwanzo vya vidole vikunjwe nyuzi 60 hadi 90, viungo vya mbele vya vidole vinyooke kabisa, na gumba litoke mbele ya kiganja. Asiyejua sababu ataunyoosha mkono wote ubapa, kwa kuwa ndio mkao unaoonekana "mzuri". Sababu ni kano za pembeni za vile vifundo vya mwanzo: vidole vikinyooshwa zinalegea, zikikaa zimelegea zinafupika, na zikishafupika mkono hautakunja ngumi tena hata kidonda kikipona vizuri. Splinti ifike theluthi mbili ya urefu wa kigasha, yaani mkono kati ya kifundo na kiwiko. Pale kwenye mfupa unaochomoza upande wa kidole kidogo, bamba lipanuliwe likiwa bado la moto. Msilikate tundu, na msiweke pamba baada ya kubana, kwa sababu pamba inaongeza mgandamizo badala ya kuupunguza. Ivaliwe nusu saa, ivuliwe, na alama nyekundu ikiwa haijapotea baada ya nusu saa nyingine, kazi irudiwe.

Katika warsha hiyo hiyo itengwe saa ya bomba la PVC, kwa kuwa mabamba yanaagizwa nje ya nchi na yakiisha yameisha. Bomba la milimita 110 lililopasuliwa kwa urefu linafaa kwa kigasha. Lipashwe kwa hewa ya moto nje ya jengo, upepo ukimpuliza mtengenezaji kutoka mgongoni, na lisiguswe na ulimi wa moto: PVC ikiungua hutoa moshi wa sumu. Lisawazishwe juu ya kalibu ya plasta, lisisawazishwe juu ya ngozi, na hasa si ngozi ya mtu aliyepoteza hisi kwa ukoma au kisukari.

Na ghala. Mabamba yakiwekwa kwenye kontena au stoo ya mabati, joto la mchana la Februari linatosha kuyapindisha na kuyagandanisha. Yalazwe bapa, karatasi kati ya bamba na bamba, kwenye chumba cha dari na kivuli. Kwa ajili ya mkutano yafike Chake Chake wiki tatu kabla. Kati ya Dar es Salaam na hapo kuna bandari mbili au tatu za kupita na makaratasi ya kila bandari.

Warsha ya pili ni viti vya karatasi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwa uwezo wa familia nyingi ndiyo teknolojia bora tunayoijua, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Ubao wake ni tabaka 8 za maboksi zilizobandikwa kwa uji wa unga wa ngano: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne au vitano vya maji, unga ukorogwe kwanza kwenye maji ya baridi, ndipo upikwe mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Mistari ya boksi ipishane, tabaka moja wima, inayofuata mlalo. Ikilala yote upande mmoja ubao utavunjika kwenye mstari kama biskuti. Kosa kubwa ni kubandika tabaka zote nane siku moja. Nje panakauka, ndani panabaki bichi, panaoza, na baada ya mwezi kiti kinanuka na kuota ukungu. Zibandikwe mbili mbili, zigandamizwe kwa mawe usiku kucha, zianikwe, ndipo zifuatazo. Kwa hali ya hewa ya Pemba hiyo ni kazi ya siku 10 mpaka 14 za jua. Ndiyo maana tumesema masika haifai, na ndiyo maana mbao haziwezi kutengenezwa mkutanoni. Zitengenezwe kabla, na timu ya hapa hapa. Mkutanoni iwe kupima, kukata, kuunga na kumkalisha mtoto.

Kila meza ya watu watano impate mtoto mmoja: watoto 4 kwa kipindi, 16 kwa mkutano wote. Kiti kimoja kinataka kama mita mraba 1.5 za ubao, jumla 24, na kwa tabaka nane hizo ni karibu mita mraba 192 za maboksi. Maboksi yaanze kukusanywa kwenye maduka ya friji na televisheni miezi miwili kabla, yawekwe mbali na panya na mende, kwani uji wa ngano ni chakula chao. Watoto wapimwe wiki mbili kabla kupitia masheha na vituo vya afya vya wilaya zote nne, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, kisha wapimwe tena asubuhi ya warsha. Kina cha kiti kipungue sentimita 2 au 3 kutoka nyuma ya goti. Kikigusa goti, mtoto atateleza mbele na kukalia mgongo. Upana ni nyonga na sentimita moja kila upande. Nyonga, goti na kifundo cha mguu vikae nyuzi 90, unyayo ukanyage kitu. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Wazazi wengi huomba kiti kikubwa "akue nacho". Wafafanuliwe kwa heshima kwamba kiti kikubwa kinampinda mtoto, kisha wapewe miadi ya miezi sita ijayo. Rangi ya mafuta ipakwe pande zote, hata chini ya kiti, kwa kuwa sakafu ya kupiga deki ndiyo adui wa kwanza.

Warsha ya tatu, viti mwendo na vidonda vya mgandamizo, tutaieleza kwa ufupi kwa sababu miongozo yake ipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa 2008 mwongozo wa viti mwendo kwa mazingira ya uwezo mdogo, wenye hatua nane, kuanzia rufaa mpaka matengenezo na ufuatiliaji. Tunachoomba ni mkutano ufundishe zile hatua zinazorukwa: kupima, kurekebisha kiti mwilini, na kumfundisha mtumiaji. Godoro la kukalia lijaribiwe kwa mkono: mtu akishakaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, ukiugusa mfupa ukiwa umebanwa na ubao wa chini, sponji hiyo imekwisha hata kama bado mpya. Mtumiaji afundishwe kujiinua au kuinama mbele kila dakika 15 hadi 30, mpaka iwe desturi. Zoezi la njia lifanywe nje, kwenye vilima na udongo wa Pemba, ambako kiti cha magurudumu madogo ya mbele kinakwama hatua ya kumi.

Ya nne ndiyo tunayoipenda kuliko zote: shughuli za nyumbani. Ijengwe kona yenye mbuzi ya kukunia nazi, kinu, jiko la mkaa, ndoo ya maji, mkeka wa kusalia na choo cha kuchuchumaa cha mfano. Mtu mwenye nguvu za mkono mmoja hawezi kukalia mbuzi ya kawaida kwa usalama, kwani iko chini na inategemea magoti mawili. Ikikazwa kwa skrubu juu ya benchi la sentimita 45, ikatazama upande wa mkono mzima, nazi inakunika kwa kiganja kimoja. Kiti cha choo cha mbao kiwe na kimo cha sentimita 42 hadi 45, miguu yake iwe imepanuka chini kuliko juu, na tundu la kama sentimita 20 kwa 25. Miguu iliyosimama wima huteleza kwenye saruji iliyolowa. Kuhusu swala, washiriki wajifunze kuitazama kama kipimo. Kurukuu, kusujudu na kuinuka kunaonyesha usawa, goti, nyonga na pumzi kwa pamoja, bila kumuaibisha mtu kwa maswali. Afundishe hapo mtu mwenye ulemavu mwenyewe, alipwe kama wakufunzi wengine, na asipigwe picha mpaka aridhie kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa.

Saa 9 zinazobaki ni za mada na maamuzi. Kila mada dakika 10 na maswali 5, kwa Kiswahili. Anayetumia Kiingereza awekewe mkalimani, kwa sababu ukumbini watakuwamo wazazi, wahudumu wa jamii na walimu wa skuli. Mleta mada aseme alihudumia watu wangapi, alipima kwa nini, na nini kilishindikana. Ikiwezekana atumie kipimo cha Kanada cha utendaji, COPM, ambapo mtu mwenyewe anachagua shughuli zinazomsumbua na kujipa alama 1 hadi 10. Mabadiliko ya alama 2 yanahesabiwa kuwa ya maana. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na kinamlazimisha mtaalamu kusikiliza kwanza. Kipindi kimoja kizima kiwe cha mambo yaliyoshindikana. Kipindi kingine kiwe cha afya ya akili, na tunaomba wenzetu wanaofanya kazi na wagonjwa wa Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili ya Unguja, ndio wakiongoze: fani hii imekulia kwenye afya ya akili, na kwenye mikutano ndiyo inayopewa saa ya mwisho, watu wameshafunga mabegi.

Vyeti. Afya si jambo la Muungano, na usajili wa wataalamu unaendeshwa na kila upande kwa utaratibu wake. Cheti kisichoombewa kibali mapema pande zote mbili kinaweza kuhesabiwa bara na kikakataliwa hapa, au kinyume chake. Maombi yapelekwe miezi mitatu kabla, na cheti kiandikwe saa za kila warsha na jina la mkufunzi wake. "Alihudhuria" haitoshi.

Kwa wakuu wa sekta ya afya Zanzibar, tunalo la kwetu. Hoja za kimataifa zipo tayari: Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unazungumzia huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu arudie shughuli zake baada ya ugonjwa au ulemavu, katika kifungu cha 26, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Tunachoomba ni mambo madogo na yanayopimika. Ikama ya kila hospitali ya wilaya ioneshe nafasi ya tiba kwa vitendo kwa jina lake, isifichwe ndani ya fiziotherapia. Bajeti iwe na kifungu cha malighafi, yaani mabamba, plasta, sponji na mikanda, kwa kuwa mtaalamu asiye na malighafi anabaki kutoa nasaha. Na patengwe chumba kimoja Pemba, chenye dari na kufuli, kiwe ghala na karakana ndogo, na vyombo vya mkutano vibaki humo badala ya kurudishwa Dar es Salaam.

Maazimio yasizidi matano. Kila moja liandikwe cheo cha atakayelitekeleza, tarehe na fedha, na yasomwe moja moja mwanzoni mwa mkutano unaofuata, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Katika gharama, tunapendekeza shilingi 40 kati ya kila 100 ziende kwenye malighafi, wakufunzi na nauli za watoto na wazazi wao. Fedha zikipungua, punguzeni mabegi, fulana na chakula cha jioni cha hotelini. Watu wa Chake watapika.

Timu ya kubandika mbao tayari tunaweza kuipata, na wa kupima watoto vilevile. Tunachohitaji kwenu ni tarehe, angalau miezi minne kabla, na ruhusa ya kupita na futi kwenye kumbi mnazozifikiria kabla hamjalipa malipo ya awali. Siku moja inatosha kwa kumbi zote za Chake Chake.

Wenu katika kazi,

Wataalamu wa tiba kwa vitendo na wahudumu wa utengamao, Unguja na Pemba